Breki za Mikate

"Basi mgawane na ng'ombe, kila kijiji kichukue miguu miwili!"

"Kijana, chunga mdomo wako."

"Nauchunga," nikamjibu. "Nauliza tu, Mwenyekiti. Breki ni karanga hizi, tugawane mkono wako, mkono wangu?"

Mzee Malimi, mwenyekiti wetu wa kijiji cha Nyamilanda, akacheka, halafu akawageukia watu waliojaa mbele ya ghala la pamba ili wacheke naye. Wakacheka. Hao wangecheka hata angekohoa.

Mimi ndiye dereva wa gari ya kijiji. Gari yenyewe zamani ilikuwa ya Mhindi mmoja wa Mwanza, akisambazia mikate madukani. Ukifungua mlango wa nyuma mpaka leo unasikia harufu ya hamira. Sasa sisi tumeifanya punda. Magunia ya pamba ndani, magunia juu ya paa, na juu ya magunia watu, na watu wameshika kuku. Halafu tunateremka nayo mpaka Kamanga kupanda feri, ule mteremko ambao mwisho wake ni ziwa. Breki za kusimamisha mikate.

Nilisema hivyo kwenye kila mkutano mpaka nikapewa jina la Bwana Breki. Mwisho nikatafuta mwenyewe. Kamanga kuna lori bovu limelala kwenye majani, la kiwanda kimoja na gari yetu, ila breki zake za mbele ni pana, dramu zake, ile chuma ya duara inayokaa ndani ya gurudumu, kubwa kama sufuria ya msibani. Nikapima, zinaingia. Nikamwomba Katibu Kata, akakubali, akaongeza neno moja tu: wenzenu wa kijiji cha Ibanzo nao wana gari kama yenu, muwafikirie. Nikazifungua zote mbili, nikazileta hapa ghalani.

Basi wakawafikiria! Nimetoka kuoga ziwani nakuta mkutano umekwisha, makofi yamepigwa, dramu ya kulia na breki zake zimeshapelekwa Ibanzo kwenye baiskeli, na nyimbo. Ya kushoto imebaki kwetu. Usawa.

"Katiba ya chama inasema binadamu wote ni ndugu zangu," akasema Mzee Malimi.

"Binadamu, ndiyo. Magurudumu hayamo."

"Wewe uliishia darasa la nne, katiba utaijulia wapi?"

"Ni kweli. Lakini ukikanyaga breki, gurudumu la kushoto linashika, la kulia linasema kesho. Gari inakwenda wapi?"

"Inasimama polepole."

Watu wakaitikia, eee, polepole. Nilikuwa nimeshaifunga ile ya kushoto, maana walinitishia kwamba nikikataa funguo atapewa Chenge, na Chenge hajui hata maji ya gari yanaingilia wapi. Nikaona maneno hayatoshi. Nikapanda, gari tupu, nikaikimbiza kwenye uwanja wa ghala, nikakanyaga.

Ikaruka kushoto kama mbuzi aliyeona fisi. Ikapasua uzio, ikaingia kwenye mihogo ya mama Kashindye, ikatulia humo.

Nikasema moyoni, sasa wameelewa.

"Mmeona?" Mzee Malimi akanyoosha fimbo. "Imesimama!"

Makofi.

Walahi, nilitaka kulia. Nikairudisha gari uwanjani, nikashuka, nikamwendea karibu.

"Mzee, hiyo ni tupu. Pale Kamanga kushoto ni maji. Na Ibanzo wamefunga ya kulia, sivyo? Basi siku tukikutana nao njiani tukafunga breki wote, sisi tutaingia mtaroni na wao watatufuata humohumo. Tumeshagawana mtaro."

"Kesho pamba inaondoka."

"Tuma mtu akairudishe ile ya kulia."

"Zawadi ya kijiji hairudishwi. Unataka Ibanzo watucheke?"

Hapo ndipo nikajua. Si kwamba hakuelewa. Alikuwa anaogopa kuchekwa, basi. Na kesho hiyohiyo dada yangu Odeta alikuwa apande juu ya magunia hayo, tumbo limeshateremka, kwenda kujifungulia Mwanza kwa sababu uzazi wa mtoto wa kwanza ulimshinda mkunga wa hapa. Alikuwa amekaa pale ukutani na kifurushi chake cha kanga, ananiangalia.

"Sawa, Mzee," nikasema kwa sauti wote wasikie. "Kesho panda mbele na mimi, upande wa kushoto, mpaka kwenye feri. Uwaonyeshe polepole yako."

Akatazama fimbo yake. Akatazama mihogo.

"Kesho nina kikao."

"Kikao gani?"

"Kikao."

Safari hii hakuna aliyecheka, wote wakamtazama yeye. Ndivyo walivyo. Wanaona shimo, wanangoja mwenyekiti aseme ni shimo.

Nikatoa jeki. Nikainua gari, nikafungua gurudumu la kushoto, nikavua dramu na breki zake zote, nikaacha gari imekaa juu ya mawe. Mzee Malimi akapiga kelele kwamba naiba mali ya umma.

"Siibi. Nawafikiria wenzetu wa Ibanzo. Bora gari moja isimame kweli kuliko mbili zinazodanganya. Na kesho pamba yenu waombeni wao wawavushie."

"Chenge! Kamata funguo!"

"Breki ya mikate ile pale chini, Chenge. Ifunge."

Chenge akaiangalia ile breki ya zamani kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Akarudi nyuma.

Nikamwendea Odeta. "Kesho utaondoka na gari ya Ibanzo. Nitaifunga breki mwenyewe leo hii, pande zote mbili. Mama akulete asubuhi kwa baiskeli, mpite kwenye tuta la mpunga, msiharakishe."

"Na wewe watakufukuza," akasema.

"Wanifukuze kwenye nini?"

Mzee Malimi alikuwa ameanza kuitisha mkutano wa kunijadili, watu wanasogea kukaa, wanatafuta kivuli kizuri cha ukuta. Nikajitwisha dramu begani, grisi ikinichuruzikia shati, nikawapa mgongo, nikashika njia ya Ibanzo.