Sentimita Kumi na Moja

Fimbo za kuvulia za bei kubwa huvunjwa na milango ya magari zaidi kuliko na samaki. Jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa tisa, ndani ya kiboksi chenye alama ya mshangao. Jumapili ile, nilipofunga mlango wa nyuma wa gari la shemeji, nilikuwa sijafika ukurasa wa tisa.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kuvunja tambi mbichi. Nilifungua tena. Ncha ya fimbo, pamoja na pete yake ya mwisho, ilikuwa imelala peke yake juu ya zulia la gari. Shemeji alikuwa hatua thelathini mbele, ameinama ukingoni mwa bwawa, anasoma kipimo cha mgandamizo wa hewa. Alikuwa ameniambia niitoe fimbo kwenye bomba lake la kuhifadhia ipate hewa. Nilikitia kipande mfukoni, fimbo nikairudisha ndani ya bomba, nikasubiri.

"Leo mgandamizo haufai, samaki hawali," alisema aliporudi. "Ile mpya tuiache. Nipe ya zamani."

Hivyo nilipata siku sita.

Shemeji ni mfamasia, mtu anayehesabu vidonge bila kukosea hata kimoja. Kwenye chama cha wavuvi wa bwawani wanamwita Mtaalamu. Ana kifaa cha umbo la yai kinachoelea majini na kumwonyesha samaki kwenye simu. Ana miwani ya kuondoa mng'ao wa maji na king'ora cha kumjulisha mshipi ukiguswa. Kwa miezi minne aliwaona samaki wengi sana kwenye simu, na hakumtoa hata mmoja majini. Ndipo akaagiza fimbo hii ya kaboni: urefu sentimita 274, uzito gramu 118, na cheti chenye muhuri. Jokofu la nyumbani lilikuwa linafungwa kwa kamba ya kiatu.

"Kwa bei hiyo," dada yangu alimwambia siku ilipofika, "samaki angekuja mwenyewe kwa teksi, ameshajipaka chumvi."

Dada ni mkunga, na maneno yake hayana ganzi. Lakini wiki iliyofuata alitumia fimbo ya zamani kuondoa utando wa buibui darini, na shemeji hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alitoa tangazo mezani, macho yake yakiwa kwangu. "Hii mpya, atakayeiharibu atafute pa kulala."

Mgeni siku mbili, na mimi nilikuwa nimemaliza miezi saba kwenye chumba chao cha nyuma, tangu nihamishiwe ofisi ya ardhi ya mji huu. Sikuwa na pengine pa kulala.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, niliipeleka fimbo kwa Fundi Saa. Naye ni mwanachama. Anavua kwa mshipi uliozungushwa kwenye kopo la maziwa, na hapendi kulizungumzia. Aliweka kioo chake jichoni, akaitazama ile ncha, akacheka mpaka kioo kikaanguka.

"Mtaalamu anajua?"

"Angejua ningekuwa hapa?"

Alilainisha pale palipovunjika, akatoa pete kwenye kile kipande na kuigundisha upya. Kazi safi. Nilipima kwa utepe wangu wa kazini: 263.

"Ataona," nilisema.

"Haoni. Yule anasoma, hapimi. Anayepima ni wewe." Alinirudishia kile kipande. "Tunza. Ushahidi hautupwi."

Mimi ni mpima ardhi. Nimewahi kurudia kupima kiwanja kizima kwa sababu ya sentimita mbili, mvua ikininyeshea, na mwenye kiwanja akiniomba niache. Wiki ile nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Kila bomba la fimbo lilipogusa ukuta, kijiko kilisimama njiani. Dada aliniuliza kama nina minyoo.

Jumamosi mgandamizo ulifaa. Shemeji aliunga vipande viwili vya fimbo, akaichapa hewani mara moja, akatulia. Akaichapa tena.

"Hm."

Nilitazama maji.

"Imebadilika," alisema. "Imekaza zaidi."

"Labda ni baridi, shemeji."

"Siyo baridi. Kaboni inajituliza. Ilikaa garini siku ile yenye jua kali, nyuzi zake zimeshikana. Nilisoma mahali."

Saa tatu na robo alitoa samaki. Alikuwa na urefu wa sentimita kumi na tisa, nilimpima mwenyewe. Shemeji alimpiga picha pande zote, pamoja na tumboni. Kabla ya mwezi kwisha alitoa wengine watatu, na kwenye chama likaanza somo la kuivisha kaboni. Watu wazima, wenye familia na vyeo, waliacha fimbo zao ndani ya magari yaliyofungwa juani. Fundi Saa alinipigia simu akicheka. "Wawili wameleta zao kwangu leo, gundi zimeyeyuka. Umenipatia kazi, ndugu yangu." Mimi sikuweza kucheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kwa sentimita kumi na moja zinazopimika.

Ndipo shemeji akaagiza fimbo ya pili, ya aina ileile.

Ilifika Ijumaa jioni. Aliifungua sebuleni, akasogeza meza, akazilaza zote mbili sakafuni sambamba, vishikio vikigusa ukuta. Nilikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Dada alikuwa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto baada ya zamu.

Shemeji aliinama juu ya ncha zake.

"Hii mpya ni ndefu."

"Labda sakafu, shemeji," nilisema.

"Sakafu inafanya nini?" dada aliuliza.

"Wewe si mpima ardhi?" shemeji akaniambia. "Lete utepe."

Nilileta. Nilipiga magoti, nikavuta utepe, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilitamani usome vibaya. "Mpya, 274. Ya kwanza, 263."

Alifungua kitabu, akaenda kwenye jedwali, akakifunga. Uso wake ulianza kung'aa.

"Unaona? Walikosea kiwandani! Ile ya kwanza walinipa ya mashindano. Fupi, imekaza, haina hata alama ya kukatwa. Ndiyo maana inavua!" Alikwenda jikoni akarudi na msumeno wa chuma. "Tunaikata hii nayo. Weka alama kwenye 263."

Nilichukua penseli. Nikiweka alama, fimbo nzima yenye cheti inaharibika kwa uongo wangu, na kwa kipimo changu. Nisipoiweka, natafuta pa kulala. Dada aliacha kusugua miguu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "mbona unatoka jasho?"

Nilinyanyuka, nikaenda chumbani, nikarudi na kile kipande. Nilikilaza sakafuni mbele ya fimbo ya kwanza. Kilikaa sawasawa.

"Niliifungia kwenye mlango wa gari," nilisema. "Jumapili ile. Fundi Saa akaitengeneza. Nisamehe, shemeji."

Shemeji alikiokota kile kipande. Alikitazama kwa karibu, akakipeleka kwenye taa, akakinusa. Nilianza kuhesabu vitu vyangu kichwani: godoro, mabegi mawili, darubini ya ofisi ya kupimia ardhi.

"Mlango upi?"

"Wa nyuma."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Jua lilikuwa upande gani?"

"Mume wangu," dada alisema, "usiniambie."

Shemeji aliweka msumeno mezani. "Msumeno unakata tu," alijiambia. "Mlango unabana kwanza. Nyuzi zinashikana, ndipo zinakatika. Ni kitu kingine kabisa." Aliinua fimbo mpya kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga, akatoka nayo.

Nilimkuta uani, mlango wa nyuma wa gari uko wazi. Alikuwa ameilaza fimbo ndani, ncha ikitokeza nje, na utepe wangu ameushika pembeni yake. Dada alisimama dirishani, taulo begani.

"Funga kama ulivyofunga siku ile," shemeji alisema. "Kama ulivyofunga, hivyohivyo."

"Siku ile nilikuwa sijui, shemeji."

"Kumi na moja," alisema. "Ikizidi, utajua pa kulala."

Nilishika mlango kwa mkono wa kulia, nikajaribu kukumbuka nilivyokuwa kabla sijajua.