Darubini ya Tatu

Ashrafu, kijana wa dukani, alizipanga darubini tatu juu ya kabati la kioo, akazifuta moja moja kwa pindo la shati, kisha akarudi nyuma kama mwenyeji aliyekwisha kutenga chakula. Mrisho aliegemeza mkongojo wake ukutani, akaninong'oneza:

"Chagua kwa makini, Hashimu. Hii ndiyo itakayotuzuia tusiuane."

Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Tulikuwa tumetoka Mloka mapema, wazee wawili tuliotumwa na kamati ya kijiji. Nguruwe pori wameumaliza mpunga misimu miwili mfululizo, na mwenye kibali cha kuwapiga ni mimi peke yangu. Kwa miaka ishirini na sita bunduki imekuwa jina langu la pili. Hata mtoto akikataa kulala, mama yake humtisha kwa kunitaja. Sijui ningekuwa nani bila bunduki hiyo. Basi kamati ilipoamua kwamba msasi apewe darubini, ilimteua Mrisho anisindikize kuichagua. Walidhani wanatutendea wema sote wawili, maana mguu wa Mrisho niliuvunja mimi.

Kwetu tumewekeana sharti: anayeingia mashambani kabla ya jua kutoka ajifunge kitambaa cheupe kichwani, ili msasi aliye juu ya dungu lake la miti amtambue. Asubuhi hiyo ya mwaka jana niliona kitu cheusi kimeinama kwenye matete. Msasi anayemlenga mnyama wa halali kama pongo hutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, nyama ipate kuliwa. Mimi sikulitaja, kwa sababu nilikwisha kuamua moyoni kwamba yule ni nguruwe. Nilifyatua. Kilichojibu kule matetani kilisema, "Ya Rabbi," kwa sauti niliyoizoea tangu tunachunga mbuzi pamoja.

Nilimkuta amezimia. Kitambaa kilikuwa kichwani pake, cheupe pe. Nilikifungua kabla sijapiga ukelele wa kuomba msaada, nikakikanyagia matopeni mpaka kikapotea.

Polisi walipokuja nikasema hakuwa nacho. Mrisho, homa imempanda, akajibu kwamba hakumbuki. Mwezi ukapita, akawa anasema, "Labda nilisahau." Ramadhani ilipokwisha, hiyo "labda" nayo ilikuwa imekwisha. Sasa akihadithia watu, hujitukana mwenyewe kwa uzembe wake, na Semeni, mkewe, humsimanga kila anapomwinua kitandani. Mimi huwa nimekaa papo hapo barazani kwao, nakunywa kahawa yao. Nimejichukia mpaka nimezoea.

"Hii kubwa inavuta mara kumi na mbili," Ashrafu alieleza, "lakini mkono ukitetemeka kidogo tu, kila kitu kinacheza. Hii ndogo ni nyepesi, ila vioo vyake vyembamba, alfajiri haikufai. Hii ya tatu, mzee wangu, inavuta mara nane tu, lakini ona upana wa vioo. Inazoa mwanga hata kukiwa na kiza. Kwa msasi, hii."

Nilijaribu ya kwanza. "Inacheza," nikasema. Nikajaribu ya pili. "Ina kiza." Kijana mwenyewe ndiye aliyenigawia sababu, nami nilizitumia bila aibu. Ya tatu haikuwa na sababu. Niliielekeza dirishani nikazungusha kigurudumu mpaka kikakwama, na nilichokiona ni kile kile ninachokiona siku zote: maji ya mchele, na vivuli vikielea ndani yake. Mwaka juzi mganga wa zahanati alinimulika macho akaniambia nisikawie kwenda hospitali kubwa. Nilikawia. Nilijua kwamba wakubwa wakishaambiwa, bunduki wataichukua.

"Hii safi," nikasema. "Naona mpaka mwisho."

"Tuijaribu, bwana, tusije tukarudi na kioo cha urembo," alisema Mrisho. Alitoa leso nyeupe mfukoni. "Nakwenda hapo nyuma, kule kwenye mikorosho. Nitajifunga au sitajifunga. Nikirudi utaniambia."

Aliondoka akichechemea. Nilisimama kwenye mlango wa nyuma na darubini machoni, nikausikiliza mkongojo wake ukigonga ardhi ngumu hadi usisikike tena. Nilikuwa nikijiandaa kubahatisha, pale Ashrafu aliposema kwa bashasha, bila kujua anachonipa:

"Umemwona, mzee? Kajitanda kama bibi harusi!"

Hivyo nikapata jibu. Ilikuwa imebaki kulitamka tu, tulipie, turudi, nami nipande tena dunguni na bunduki yangu, watu wakiwa wameinama chini yangu mashambani.

Mrisho alirudi akihema, leso keshairudisha mfukoni. "Haya, msasi. Nilijifunga, sikujifunga?"

"Ulijifunga."

Uso wake sikuuona vizuri, lakini furaha niliisikia. "Alhamdulillahi! Laiti tungekuwa nayo siku ile, ungeniona hata bila kitambaa. Uzembe wangu usingetufikisha huku."

"Siku ile pia ulijifunga," nikasema.

Nilisikia mkongojo wake ukisogea karibu yangu.

"Nilikifungua mimi, Mrisho. Nikakizika matopeni. Hata leo sikukuona, huyu kijana ndiye aliyeniambia. Macho yangu yamekufa tangu mwaka juzi."

Ashrafu aliokota kitambaa cha kufutia vumbi, akaenda kufuta rafu za ndani kabisa. Mrisho alijishusha taratibu kwenye kiti cha wateja. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Mwaka mzima," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "nimekuwa nikimwomba Semeni msamaha."

Alinyoosha mkono, akanivua ule mkanda wa darubini shingoni, akaiweka kabatini pamoja na zile mbili. Akachukua mkongojo wake akatoka. Nami nikatoka, nikiufuata mgongano wa mti na lami, maana gari la Mloka husimama ng'ambo.

Barabarani lori lilikuwa linakuja. Nililisikia, lakini sikujua liko upande gani. Yeye alilijua. Alisimama, nami nikasimama nyuma yake, nikingoja aniambie vuka.