Mkusanyo Ulioitwa Siri

Mstari ulipanda kwenye sekunde ya arobaini na mbili, ukashuka, haukupanda tena. Ni ule mstari mwembamba wa kijivu ambao mtandao huuchora chini ya video kuonyesha mtazamaji amerudia wapi, na mpaka siku ile sikuwahi kuujali. Pembeni yake kulikuwa na maneno madogo: imetazamwa mara arobaini na moja. Mimi nilikuwa nimeitazama mara mbili tu, na mtu mwingine wa kuitazama, kwa nilivyojua mimi, hakuwepo.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Nilikuwa peke yangu masijala, kile chumba cha hospitali kinachotunza mafaili ya wagonjwa, wenzangu wameenda kula. Nilitaka kuitumia ile saa moja kupanga video zangu, maana zilikuwa zimefika mia nane na ushee, na mimi nikiona kitu hakijapangwa nawashwa mwili mzima. Wenzangu waliniita Bi Lebo. Walisema hata siku ya kuzikwa nitainuka kidogo kwenye jeneza niandike tarehe, kisha nilale. Nilicheka nao, kwa sababu walikuwa wananijua.

Nikaifungua ile video, nikaisogeza mpaka sekunde ya arobaini na mbili. Binti wa mdogo wangu, tuliyemwita Kijino, alikuwa anaosha viatu vyake vya shule kwenye beseni huku akinifundisha namna ya kuosha viatu. Sauti yangu ilisikika nyuma ya simu nikicheka. Halafu akaenda kuchukua brashi, simu ikamfuata, na kwa sekunde mbili hivi dirisha likaonekana. Nje palikuwa na tangi la maji la buluu juu ya mnara wa chuma, na nyuma ya tangi ukuta wa shule uliochorwa herufi kubwa za jina lake. Kisha simu ikarudi kwa mtoto.

Aliyeirudia mara zote hizo hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akitazama dirisha.

Nilijua ni nani hata kabla sijafungua orodha ya watazamaji.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa mpima ardhi. Nimpe haki yake: alikuwa mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri, anayeamkia watu kwa heshima zote, wala hakuwahi kupaza sauti mbele yetu. Mara ya kwanza alipomvunja mdogo wangu mkono, alimpeleka hospitali yeye mwenyewe na kujaza fomu yeye mwenyewe. Faili lilinifikia mimi. Kwenye sababu ya kuumia aliandika: ameteleza ngazini. Nyumba yao haikuwa na ngazi. Nilisimama na lile faili mkononi kwa muda, halafu nikaliweka rafuni, mahali pake, kwa namba yake. Hilo nalo ni langu, siwezi kumtwisha mtu mwingine.

Mara ya tatu mdogo wangu alitoka na mtoto na mfuko mmoja. Polisi walikuwa wameshamwambia akayamalize nyumbani. Alipata chumba kwenye mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa basi, na kazi ya kupiga pasi kwenye duka la dobi. Aliyejua alipo ni mimi peke yangu. Kila Jumamosi nilikwenda kuwaona, na kwa kuwa sikujaliwa mtoto, nilimpiga Kijino video mpaka betri inakata.

"Mimi usinipige, dada," mdogo wangu aliniambia Jumamosi ya kwanza. "Mtoto mpige, siwezi kukunyima. Ila zisitoke."

"Zitatokaje? Nimezitengenezea mkusanyo wake peke yake. Nimeuita Siri."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke kwake. "Mtu anayeficha kitu, dada, haandiki juu yake kwamba ni siri."

Nami nikacheka. Nilijiona hodari.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa la mtu wa masijala hasa. Kwetu karatasi moja hukaa kwenye faili moja. Ukiitia kwenye kabati lenye kufuli, basi rafuni haipo, umemaliza, unaweza kwenda kunywa chai. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mtandaoni sivyo. Huko video moja inaweza kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja, na kinachoipeleka huku na kule ni lebo. Kijino alipozaliwa nilitengeneza mkusanyo unaoitwa Mtoto Wetu, nikaupa amri kwamba kila video yenye lebo ya Kijino iingie humo yenyewe, nikawaalika baba na mama yake. Mdogo wangu alipokimbia, nilimwondoa shemeji kwenye mkusanyo wa Familia siku hiyohiyo. Ule wa mtoto niliusahau. Na kila Jumamosi jioni nilipandisha video, nikaziweka kwenye Siri, halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikazibandika lebo: Kijino. Jumamosi. Chumba kipya.

Miezi saba. Na katika miezi hiyo saba alikuwa akinipigia simu kila mwisho wa mwezi. "Shemeji, huna habari zao?" Namwambia sina, shemeji. "Haya. Mungu yupo." Kumbe anaponiuliza ameshamwona mwanawe Jumamosi iliyopita, ameshamsikia akiniita mama mkubwa, na anajua naongopa.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya alama ya kufuta. Nikakizuia. Nikifuta atajua kwamba nimejua, na akijua hatangoja. Nikampigia mdogo wangu. Simu yake haikupatikana. Kazini kwake simu zilifungiwa kabatini mpaka saa kumi, na namba ya duka sikuwa nayo. Mimi, mwenye namba za kila kitu.

Mkuu wa masijala aliporudi kutoka kula alinikuta nimesimama na mkoba begani. Nilitaka kumdanganya kwamba naumwa, lakini hakuningoja niseme. Alinitazama usoni.

"Nenda," alisema. "Sahihi utaweka kesho."

Ndani ya basi nilikaa na simu mapajani nikiangalia ile hesabu. Arobaini na mbili. Baada ya robo saa, arobaini na nne. Kila ilipopanda moyo ulinipiga paa, halafu, polepole, nikaelewa jambo lililonifanya nianze kuiombea ipande. Akiitazama, maana yake bado anatafuta. Mtu aliyekwisha kupata hana haja ya video. Basi nikawa nimekaa pale nambembeleza kimoyomoyo mtu ninayemwogopa kuliko wote duniani: rudia, baba, rudia tena. Arobaini na sita. Arobaini na saba.

Ikasimama hapo. Dakika tano, kumi, ishirini. Nilizima simu nikaiwasha. Arobaini na saba. Abiria wa pembeni yangu aliniuliza kama nimepata msiba, nikamwambia bado.

Nilishuka saa tisa na nusu. Duka la dobi lilikuwa mbele, lakini njia ilipita nyumbani kwao, nikaingia uani kwanza kuhakikisha mlango wao una kufuli. Kufuli lilikuwepo. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo.

"Afadhali umekuja," alisema. "Mwambie mdogo wako, huenda serikali inapitisha barabara hapa. Jana alikuja mpima ardhi, mtu wa heshima kweli. Alisimamisha kile chombo chake cha miguu mitatu pale kwenye tangi."

"Alisema nini?"

"Aliuliza madirisha yanayotazama tangi ni ya nani na nani. Nikamwambia yapo matatu, wapangaji siwezi kuwataja mpaka nione barua. Akasema vizuri, nina haki. Leo anarudi kumalizia."

Madirisha matatu. Ndiyo maana mchana ule alikuwa anarudia: alikuwa anapima tangi linakaa upande gani wa dirisha, ili ajue ni lipi. Na sasa hakuwa akirudia tena.

Sikukimbia, kwa sababu mtu anayekimbia huangaliwa. Mdogo wangu aliniona mlangoni mwa duka, siku isiyo Jumamosi, akaweka pasi wima.

"Amejua ulipo," nilisema.

Alichomoa waya ukutani. Akalikunja shati alilokuwa analipiga pasi, mkono kwa mkono, akaliweka juu ya mengine. "Nani kamwambia?"

Ningeweza kusema sijui. Niliwaza kusema hivyo, sitaki kujisafisha. "Mimi," nikasema. "Zile video. Nilimsahau kwenye mkusanyo mmoja."

Aliinama chini ya meza akatoa mfuko uliokwisha kufungwa, na nikatambua kwamba mfuko ule ulikuwa ukikaa pale tangu siku aliyoanza kazi. Wakati mimi nabandika lebo, yeye alikuwa akilala na kuamka roho mkononi.

Shuleni mwalimu alitutolea mtoto kabla ya kengele bila maswali mengi. Nadhani nyuso zetu zilitosha. Tukatokea geti la nyuma. Ukuta ulipoishia palikuwa na uwazi wa kama hatua arobaini mpaka kona nyingine, na kwenye uwazi huo tukamwona. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa amevaa fulana yake ya kazi ya rangi ya machungwa, ameinama, jicho kwenye kile chombo, na chombo kimeelekezwa juu, kwenye madirisha. Gari lake lilikuwa na mlango wazi. Kwenye kiti niliona kamba.

Labda ilikuwa kamba ya kupimia. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Sikuweza kusogea. Mdogo wangu naye alisimama. Aliyetuvuta ni Kijino. Alikuwa ameshamwona baba yake, na mimi nilingoja apige kelele, amwite, amkimbilie kama watoto wanavyofanya. Badala yake alijibana kwenye sketi yangu, akaanza kutembea kwa ncha za vidole.

"Baba anapima," alininong'oneza. "Akipima hataki kelele."

Tukavuka zile hatua arobaini nyuma ya mgongo wake. Sijui zilichukua muda gani. Najua tu kwamba nilisikia akijisomea namba kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyetulia, anayependa kazi yake.

Kituoni nilitaka kupanda nao. Mdogo wangu alinishika mkono wa juu, pale pale alipovunjwa yeye, akanisogeza pembeni.

"Wewe rudi."

"Nawasindikiza tu mpaka mfike."

"Usijue tutakapofika, dada. Ukijua utapaandika mahali. Hata usipotaka, utapaandika." Alitazama chini. "Sikulaumu."

Lile sikulaumu liliniuma kuliko kofi. Aliniomba nigeuke nitazame ukuta wa ofisi ya tikiti mpaka watakapoondoka, nisione wamepanda lipi. Mtu mzima wa miaka arobaini na nne, nikageuka. Pale ukutani palibandikwa masharti ya mizigo, kumi na mawili. Niliyasoma yote, nikarudia, nyuma yangu mabasi yanapiga honi na kuondoka, na sikugeuka mpaka mkata tikiti aliponiuliza kama nasafiri au nimepotea.

Nilifuta kila kitu nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo. Video mia nane na ushee. Mikusanyo ikabaki majina matupu, kisha nikafuta na majina.

Simu ilinikuta kesho yake, mezani kwangu, saa nne asubuhi.

"Shemeji, naona ile ya dirishani umeitoa."

Niliinuka nikafunga mlango wa masijala.

"Inasikitisha. Ulipanga vizuri sana. Siku, tarehe, kila kitu mahali pake. Watu wengi hawajui kupanga." Nikamsikia anapumua. "Ukipata nyingine, usinisahau."

Kwa miezi kadhaa nilikwenda kazini kwa njia tofauti kila siku. Niliizuia namba yake, nikahama nyumba, nikaacha kumsalimia mtu yeyote mwenye fulana ya machungwa. Nilisikia kwamba amehamishiwa kazi mbali. Woga haukuhama.

Miezi kumi na moja baadaye, Jumapili asubuhi, simu yangu iliingiza video kutoka namba nisiyoijua. Hapakuwa na salamu wala maneno. Sekunde thelathini. Kijino, mrefu sasa, amekaa kwenye mkeka, ameshika kitabu anasoma kwa sauti huku anafuata mistari kwa kidole. Mtu aliyeshika simu alikohoa mara moja, nikakijua kikohozi cha mdogo wangu. Wako hai. Nililia mpaka nikalazimika kuketi sakafuni.

Halafu nikairudia. Nje ya chumba kulikuwa na mtu anagonga bati, kwa hiyo karibu pana karakana. Nikairudia tena. Mwanga uliingia kutoka kushoto. Nyuma ya bega la mtoto kulikuwa na kipande cha kalenda ya ukutani, ile ya kugawiwa na maduka, na chini yake jina la duka limekatwa na nywele zake. Nikasimamisha picha. Nikaivuta kwa vidole viwili, ikawa kubwa. Nikasoma herufi ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilinichukua muda, lakini nikaipata. Nikatafuta kalamu.

Kalamu ikiwa mkononi ndipo nilipojiona. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa hatua arobaini nyuma ya mgongo wa shemeji, kwa maana nilikuwa nafanya kazi yake, na naiweza.

Niliifuta kabla sijaifikia herufi ya nne. Nilikuwa nimeitazama mara sita, na mpaka leo sijui mtoto alikuwa anasoma nini.