Macho Meupe

Nikutegee kimoja, wewe unayenisikiliza: nina mtungi hauna mdomo, umejaa maji; maji yakizidi, taa inazimika. Umeshindwa? Ni jicho. Mbuke wa Segese alikuwa nayo mawili. Sasa limebaki moja, nalo linaona kama la mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Kwa nini uliacha dawa?" daktari aliuliza.

Mbuke aliiweka mikono mapajani.

"Alisahau tu," akasema Enock, mwanawe. "Uzee, daktari."

Daktari Aneth alikuwa akiitazama kadi, si uso wa Mbuke. "Mama, nilikueleza. Presha ya jicho inaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Dawa inaishusha, mshipa unaacha kubanwa. Ukishakufa haufufuki. La kulia limekwenda. Hili la kushoto tungelilinda. Tone moja kila jioni. Tone moja tu."

Tone moja. Wiki ya tatu ya dawa hiyo, macho ya Mbuke yalikuwa mekundu. Hospitali walisema ni kawaida. Kawaida ya mjini. Kisimani, wanawake walikatisha mazungumzo alipofika. Kisha ndama wa mwenyekiti wa kitongoji akafa, na mwenyekiti akaja mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Macho yamekuwaje?"

"Marahaba, baba. Ni dawa ya hospitali." Akamletea chupa aione.

Mwenyekiti akaigeuzageuza, akacheka. "Mariana naye alisema ni moshi wa jikoni."

Mariana alikuwa jirani, naye macho yake yalikuwa mekundu. Walimkuta mlangoni pake, amekatwa mapanga. Hakukamatwa mtu. Shamba lake mwaka huu limelimwa, na anayelilima ni mwenyekiti.

Mwenyekiti alipoondoka, Enock alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nakuomba. Watu wanasema ni macho ya mchawi." Mbuke akaenda chooni, akaimwaga dawa yote kwa mkono wake mwenyewe.

"Wazee mnatuchosha," daktari alisema, kalamu ikitembea. "Naandika hapa: mgonjwa hafuati maelekezo. Kesho mkipofuka mnasema hospitali haina kazi. Nauliza mara ya mwisho, mama. Kwa nini uliacha?"

Enock akafungua kinywa. Mbuke akapapasa, akalipata goti la mwanawe, akalibana.

"Ili macho yarudi kuwa meupe, binti yangu. Wananiambia mwenyekiti akipita sasa ananipungia mkono."