Daftari la Nne la Baba Chizuru

Habari niliipata kwenye bafu la mtaa, maji yakiwa shingoni. Tomeko, jirani yangu, ana mpwa anayefanya kazi ofisi za chuo kikuu kule Sapporo.

"Mama Chizuru, umesikia? Wale watafiti wa mkataba watapunguzwa Machi ya mwakani. Asiye na kazi kubwa ya kuonyesha, kwaheri."

"Nani kakwambia?"

"Wee! Mimi huwa nasema uongo?"

Nilicheka, nikajimwagia maji, nikaenda zangu nyumbani. Lakini neno lile halikunitoka. Nilikuwa nakata figili, nalisikia. Naswaki, nalisikia. Chizuru ni mwanangu wa pekee. Wakati huo alikuwa mtafiti wa barafu kwenye chuo hicho hicho, alishakwenda hadi bara la barafu la kusini mara mbili kwa meli ya rangi ya chungwa inayovunja barafu, na mkataba wake ulikuwa unaisha Machi hiyo hiyo.

Mimi niliishia darasa la sita. Nyumbani palikuwa na nyavu za kushona na wadogo wa kubeba mgongoni. Kwa hiyo mtu akisema "chuo", mimi naogopa kwanza, kufikiri kunakuja baadaye.

Marehemu mume wangu, Yasuji, alikuwa na tabia moja. Kila msimu wa baridi aliandika siku ziwa letu lilipoganda na unene wa barafu aliyoipima kwa rula ya mianzi. Hakutumwa na mtu. Aliacha madaftari matatu. Chizuru alipoamua kuyafanyia utafiti, alinipigia simu kwa furaha.

"Mama, haya ni dhahabu. Karibu miaka arobaini, mkono mmoja, mahali pamoja! Shida ni ile misimu mitatu Baba alipokwenda Tokyo kuchimba mahandaki. Ni mitupu."

"Ni shida kubwa?"

"Inaniuma kidogo tu. Nakuja Jumamosi kuyachukua."

Alisema inamuuma kidogo. Mimi nilisikia kwamba inamuua.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi nilipanda kwenye dari, nikakuta daftari la shule la Chizuru la zamani ambalo halijaandikwa. Nikachukua penseli bapa ya useremala ya Yasuji, nikakaa mezani, blanketi magotini. Mwandiko wake naujua. Nimeusoma kwenye barua zake za Tokyo mpaka karatasi zikachanika. Nikaandika misimu mitatu. Siku niliyodhani ziwa liliganda, na unene niliodhani. Msimu wa mwisho nikaweka tarehe tisa Januari, sentimita ishirini na mbili. Niliona ni namba yenye heshima.

Jumamosi Chizuru alipolifungua, alishika mdomo.

"Mama! Umelitoa wapi?"

"Lilikuwa darini."

"Lakini Baba si alikuwa Tokyo?"

"Alikuwa akirudi mwaka mpya."

"Na huu ni mwandiko wake kweli?"

"Sasa wa nani tena? Wa paka? Kula chakula chako kinapoa."

Akacheka. Akala. Akaondoka amelikumbatia lile daftari kama mtoto mchanga. Ni pale hasa nilipokosea. Ningeweza kusema wakati bado anatafuna, tukagombana kidogo, yakaisha. Sikusema.

Makala yake ikatoka, watu wakaisifu. Nilikata kipande cha gazeti kilichomtaja, nikakiweka mbele ya picha ya baba yake pamoja na bakuli la wali, kama tunavyowawekea marehemu wetu. Nilimwambia Yasuji, "Umeona?" Nilikosa aibu kiasi hicho.

Vuli iliyofuata Chizuru alikuja bila kupiga simu. Hakuvua koti. Akaweka mezani nakala ya picha kutoka gazeti la zamani la wilaya.

"Mwalimu mmoja wa chuo kingine ameipata. Mwangalie huyu mwanamke."

Nikaangalia. Ni uwanja wa shule ya msingi. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani anakaanga samaki wadogo kwenye sufuria kubwa, anacheka. Nyuma yake ziwa lina mawimbi. Maji matupu, wala hakuna kipande cha barafu. Maelezo chini yake yalisema tamasha la uvuvi wa kwenye barafu limehamishiwa shuleni kwa sababu ziwa halikuganda mwaka huu.

Mwanamke yule ni mimi. Msimu ule ule wa sentimita ishirini na mbili. Nilikaanga samaki wale kwa mikono hii, nikasahau.

"Mama," alisema taratibu, "nimesimama mbele ya kamati ya chuo nikaapa kwamba ni mwandiko wa Baba."

"Niliambiwa watakufukuza. Tomeko alisema..."

"Tomeko! Ungeniuliza mimi! Wanaopunguzwa ni wa idara nyingine kabisa."

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka kwenye mkeka. Hakuninyanyua, wala hakunipigia kelele. Alisema tu, "Ungeniachia ile misimu mitupu, ningeandika mstari mmoja: hakuna kumbukumbu. Basi. Sasa hata ile mingine aliyoandika Baba kwa kweli, hakuna anayeiamini."

Aliiondoa makala mwenyewe. Mbele ya kamati alisema hakuhakiki vizuri. Jina langu hakulitaja. Mkataba ukaisha Machi, haukuongezwa. Sasa anafundisha masomo ya ziada mjini Kitami. Kila mwaka mpya huja nyumbani, tunakula tambi, halafu huchukua rula ya mianzi ya baba yake na kushuka ziwani peke yake. Sijawahi kumwomba tuende wote.

Nawaandikia nyinyi wenye watoto wanaosoma mambo makubwa, na nyinyi mnaotunza madaftari ya wazee. Yaepukeni haya:

Kujaza ukurasa ambao marehemu aliuacha wazi.
Kusema "nakumbuka" wakati unakisia.
Kuamini maneno ya jirani kuhusu kazi ya mwanao kabla ya kumuuliza mwenyewe.
Kumtafutia mtafiti anachokitamani badala ya kumpa kilichopo.
Kumwambia ale wakati amekuuliza swali.
Kungoja akuulize mara ya pili.