Koki za Pishacocha Hazifungwi

Amri ilimkuta Nélida Maguiña amesimama kwenye baridi ya kukata masikio, juu ya tuta la mawe na udongo linalolizuia ziwa Pishacocha lisiporomokee bondeni. Redio ya upepo ikakoroma, kisha sauti ya Mkurugenzi Villalonga ikatoka kule Lima, mji mkuu, laini kama ya mtu aliyetoka kula.

"Injinia, funga koki zote leo. Ziwa lijae."

Nélida alidhani hakusikia vizuri. Kwa miaka kadhaa mabomba meusi yalikuwa yakiyanyonya maji ya ziwa hilo na kuyatupa mtoni, ili kina kisipande, kwa sababu juu yake kabisa ulining'inia mlima wa barafu ulioanza kupasuka. Kazi aliyoajiriwa na serikali ndiyo hiyo: kuipima barafu, kuyapima maji, na kuwaambia wakubwa alichokiona.

"Barafu imesogea tena, Mkurugenzi. Ufa ninaouona leo naweza kuingia mimi na punda wangu na mizigo yake."

"Kampuni ya umeme inataka maji ya kiangazi. Mitambo yao inakaribia kusimama. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana na nani? Na barafu?"

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, ndiyo maana nasema taratibu. Sifungi."

Akazima redio. Tangu aingie kazini alikuwa hajawahi kumjibu mkubwa namna ile. Alingoja majuto yaje, hayakuja. Alijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima.

Kesho yake akateremka hadi mji wa Marcapunta, moja kwa moja sokoni, kwa Saturnina Cochachin. Mama huyu aliuza viazi, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mtaa wa chini, mtaa uliojengwa juu ya matope ya gharika ya zamani. Ndani ya matope hayo walikuwa wamelala wajomba zake watatu, hawajawahi kufukuliwa.

"Mama Satu, nina neno."

"Sema, mwanangu, lakini leo usiniletee zile mita za ujazo. Siku ile ya mkutano nusu ya watu walisinzia, nusu wakaenda kunywa pombe ya chicha."

Nélida akacheka bila kupenda. "Haya. Wanataka ziwa lijae. Likijaa, kisha barafu ikadondoka, maji yataruka tuta. Kabla hujamaliza kumenya sufuria moja ya viazi yatakuwa hapa sokoni, yamebeba mawe makubwa kama nyumba."

Kisu cha Saturnina kikasimama katikati ya kiazi. "Nani anataka?"

"Bosi wangu. Nimekataa kufunga koki, kwa hiyo atakuja kufunga mwenyewe. Ataleta na polisi."

"Atakuja?" Saturnina alijifuta mikono kwenye aproni, akaanza kuvifunika viazi vyake na turubai ingawa jua lilikuwa bado juu. "Mwache aje. Kule juu kuna mahali pa kukaa?"

Siku Mkurugenzi alipofika ziwani, alifika amepauka, akihema kwa kukosa hewa, amevaa koti jipya lenye mikunjo ya dukani. Nyuma yake walikuwa Sajini Teófilo Granados na polisi wawili wa Marcapunta, na fundi wa kampuni ya umeme amebeba spana ndefu. Walichokikuta ni wanawake. Walikuwa wamekaa juu ya mabomba tangu asubuhi, na kofia zao na sketi zao za tabaka tabaka, wanatafuna mahindi ya kukaanga na kusengenya kwa sauti. Nélida alikuwa katikati yao.

Fundi alizikagua koki, akarudi anakuna kichwa. "Bosi, magurudumu ya kuzungushia yameng'olewa. Bila hayo spana hii haifai kitu."

"Yako wapi?" Mkurugenzi akafoka.

"Yapo," Nélida alijibu. "Kila moja limekaliwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Saturnina akajitikisa palepale alipokaa, chuma kikalia chini ya sketi zake. "Baridi lake silisemi!"

"Hii ni mali ya serikali!"

"Na sisi je, baba, ni mali ya nani?"

Mkurugenzi alifungua mdomo kujibu, lakini hakuna aliyemsikia. Mlima ulikuwa umepiga mshindo. Kipande cha barafu chenye ukubwa wa kanisa kilimeguka kule juu, kikateleza polepole mwanzoni kama kinachosita, kisha kikatumbukia ziwani. Wimbi likainuka, likavuka ziwa lote likiwajia. Watu walishikana bila kuchagua nani anamshika nani. Fundi alijikuta amekumbatiwa na bibi mmoja mnene asiyemfahamu. Maji yaligonga tuta kwa kishindo, yakapanda, yakapanda tena, yakawarushia matone usoni, kisha yakaanguka nyuma bila kufika ukingoni.

Mkurugenzi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mmeona? Hakuna lolote. Ziwa ni salama."

"Hakuna lolote kwa sababu maji yako chini," Nélida alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Lingejaa unavyotaka, saa hizi wewe na mimi tungekuwa tunaogelea kuelekea sokoni."

"Hilo huwezi kulithibitisha."

"Na wewe huwezi kulijaribu. Si juu ya vichwa vya watu."

"Sajini! Waondoe hawa."

Sajini Granados aliyatazama mapovu yaliyokuwa bado yakichemka chini ya tuta. Akawatazama wanawake. "Mkurugenzi, yule wa kofia ya kijani ni mama mkwe wangu. Nikimgusa leo, nyumbani sina pa kulala." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. "Na hata asingekuwepo. Wanangu wanalala mtaa wa chini." Akavua kofia yake, akaketi kwenye bomba kando ya mama mkwe wake, naye akamsogezea mahindi.

Mkurugenzi akamgeukia Nélida. "Umefukuzwa. Lete kitambulisho."

Nélida alikivua shingoni akampa. "Chukua. Hiki ni chenu. Ziwa siyo lenu."

Baada ya hapo wanawake waliendelea kupanda kwa zamu, na kampuni ikalalamika magazetini, halafu ikachoka. Nélida alikosa usingizi. Alikuwa na mama mgonjwa na binti chuoni, na kazi nyingine hakuijua. Kwa hiyo mkuu wa mkoa alipomletea suluhu hakuipuuza: koki zingeachwa wazi kimyakimya, naye angerudishwa kazini, mradi aende redioni kumwomba Mkurugenzi radhi hadharani.

Akaenda. Mkurugenzi alikaa upande wa pili wa kioo, mguu juu ya mguu. Mtangazaji akasema injinia ana machache, akamsogezea kipaza sauti. Nélida akaanza kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa milimani.

"Nimeitwa hapa kuomba radhi. Siombi. Sikilizeni. Siku mlima ukipiga mshindo mkubwa, msingoje mtu awaambie. Walio karibu na soko, pandeni ngazi za makaburini. Wa ng'ambo ya daraja, msivuke daraja, kimbieni shuleni. Mwenye mgonjwa kitandani aanze leo kupatana na jirani nani atambeba."

Mkurugenzi alikuwa amesimama, anagonga kioo kwa kiganja. Mtangazaji akaitazama swichi ya kukata matangazo. Akakuna shingo, akaiacha.

"Injinia," alisema, "rudia kwa Kihispania, tafadhali. Kuna wageni mjini."

Akarudia, mtaa kwa mtaa.

Kazi hakurudishiwa. Mtaa wa chini ulimpa chumba juu ya ghala la viazi na punda wa pili, naye akaendelea kupanda ziwani kuipima barafu. Jumapili iliyofuata aliwatoa watu wote nje kufanya mazoezi ya kukimbia. Wazee walibebwa mgongoni, mbwa wakabweka, na Saturnina akaanguka kwenye ngazi za makaburini akamtukania Nélida ukoo mzima hadi alipofika juu. Pale juu Nélida alikuwa akiwangoja, filimbi mdomoni.

"Mmechelewa!" aliwapigia kelele. "Shukeni, tunaanza upya!"