Mishale ya Mzee Taib

Mto wenyewe ulikauka kabla binadamu hajajua kuoga, lakini Ijumaa ile ya mwaka 1972 ulimvuruga Phoebe Ajwang kichwa kuliko mapenzi.

Phoebe alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya utafiti wa mawe, ghorofa ya tatu, katikati ya jiji. Alikuwa amejifundisha kuchora ramani, akaomba kazi ya uchoraji, na mkubwa wake akamwambia waziwazi, "Saa tisa nakuja kuona ramani ya mto huo wa kale pamoja na mawe yake. Ikiwa sawa, kazi ni yako."

Kazi yenyewe si uchawi. Mto hulaza mchanga kwa matabaka yaliyoinama, na huinamia kule maji yanakoelekea. Miaka ikipita kwa mamilioni, mchanga unakuwa jiwe. Kabla jiwe halijang'olewa mahali pake, huchorwa juu yake mshale wa rangi wa kuonyesha kaskazini. Bila mshale, likifika Nairobi ni jiwe la kujengea choo tu.

Mawe yalikuja arobaini kutoka kambi ya uchimbaji. Ishirini yalitiwa mishale na Mutiso, dereva, kwa dira. Ishirini ni ya Mzee Taib, mchimbaji mzaliwa wa Lamu, aliyekuja nayo ofisini. Ya Mutiso yote yalisema mto ulikwenda mashariki. Phoebe akachora, roho kwatu. Akapima matatu ya Taib: kusini! Akageuza karatasi, akageuza jiwe, akajigeuza mwenyewe. Kusini vilevile. Mto gani huu unaoyumba kama mlevi wa Dagoretti Corner?

"Mzee Taib, ulipima na dira gani?"

"Dira alikuwa nayo Mutiso, binti. Mimi nilifuata kibla." Taib alikuwa anavaa kofia yake aende swala ya Ijumaa. "Kule kibla ni kaskazini, imeelemea mashariki kidogo tu. Nimeswali pale miezi mitatu, siwezi kuikosea."

"Lakini Mzee, hii ni sayansi."

"Kwani mimi nimekwambia ni nini?" Akashuka ngazi.

Phoebe akabaki anatazama mawe, mawe yanamtazama. Mashariki au kusini? Kulikuwa na mito miwili? Au mmoja uliopinda? Aliona saa inakimbia, naye haelewi hili wala lile. Hapa ndipo ninapomkasirikia, maana kuuliza si ujinga, na Mutiso alikuwa amekwenda Kenyatta Market kula nyama tu, si Ulaya. Phoebe hakumngoja. Alichukua beseni, brashi na mafuta ya taa, akasugua mishale yote ya Taib ili mkubwa asije akaona mawe yakigombana na ramani.

Mutiso akarudi anajichokonoa meno. "Madam, ramani imekubali?"

"Imekubali. Mkono wako hautetemeki, Mutiso."

"Itatetemeka aje? Mimi naweka dira kwa boneti ya Landrova, inatulia kabisa. Na gari ilikuwa hapo hapo siku zote."

Mama yangu! Chuma huvuta sindano ya dira, hata mtoto wa shule anajua. Gari halikusogea, basi na kosa lilikuwa moja, ndiyo maana mawe ya Mutiso yalipatana vizuri namna ile. Lakini sindano ilivutwa kiasi gani? Sasa nani angejua, na mishale ya Taib imeshafutwa? Maji yakimwagika hayazoleki.

Taib aliporudi kutoka msikitini alichutama, akainua jiwe, akaligeuza, akainua la pili. Akanusa vidole vyake.

"Miezi mitatu, binti," alisema, akakaa sakafuni. Phoebe aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Saa tisa mkubwa akaingia, akaitazama ramani, akatabasamu. "Safi sana! Mashariki moja kwa moja."

Phoebe angenyamaza, nani angejua? Alimtazama Taib pale chini.

"Hapana, bwana. Mto ulikwenda kusini. Dira ya Mutiso ilivutwa na gari. Mzee Taib alipima kwa kibla, na yeye ndiye aliyepatia."

"Kwa kibla?" Mkubwa alikunja uso. "Haya, nionyeshe hiyo mishale yake."

"Haipo," alisema Phoebe. "Iko ndani ya beseni hilo."